Namba ya Mwalimu Gacheru

Asubuhi ile ghala la viazi lilikuwa limefagiliwa, na mezani kulikuwa na kidau cha wino, daftari na debe la vibati vya namba. Ilikuwa Julai ya mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, kwenye shamba la setla mmoja wa kizungu juu ya Molo, na baridi ilikuwa imewafanya watu wote wakunje mikono kwapani. Wanaume walipanga foleni kuelekea mlango wa ghala. Wanawake walikaa nje ya waya wakiwa wameshika makoti ya waume zao, kwa sababu waliokuwa wakichujwa hawakuruhusiwa kuingia na kitu chenye mifuko.

Wangeci alikuwa ameshika koti la Micah Gacheru. Gacheru alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ambayo wazazi waliijenga wenyewe kwa udongo na mabati, mpaka shule hiyo ikafungwa kwa amri na madawati yake yakawa rafu za kuanikia maua ya pareto. Tangu hapo alipima magunia ya pareto kwenye mizani ya shamba, na mwenye shamba alimpenda kwa kuwa hakukosea. Lakini kando ya meza aliketi mtu wa kuwatambua washukiwa, aliyevishwa gunia lenye matundu mawili, na Gacheru alipofika mbele yake, gunia liliinamisha kichwa kukubali. Karani akachota kibati debeni, akaandika namba yake daftarini, akakifunga kwa waya shingoni mwa Gacheru.

Gacheru alikitazama kile kibati, akatabasamu.

"Unacheka nini?" karani akauliza.

"Ni namba nzuri, bwana."

Karani akaandika hilo pia. Mbele ya jina la Gacheru aliandika: alicheka.

Kisha tangazo likasomwa. Kila mfungwa angepitishwa kambi kulingana na ugumu wa moyo wake, chache zaidi zikiwa mbili, nyingi zaidi saba. Kila alipoingia kambi mpya, namba yake ya kwanza ingezidishwa kwa hesabu ya kambi alizofika, ili faili zisigongane, naye mwenyewe angekuwa vile namba itakavyotoka. Watu walisikiliza. Utaratibu huo ulikuwa umeanza mwaka uliopita, na hakuna aliyekuwa na swali.

Lori lilipokuwa likitiwa maji, Gacheru alisogea kwenye waya.

"Wangeci, zidisha namba yangu mara mbili."

Wangeci alisoma kibati: laki moja, arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba. Alichuchumaa, akaokota kijiti. Alikuwa amejifunza hesabu kwa Gacheru, katika darasa la jioni la watu wazima, na walioana kabla darasa halijafika kwenye kugawanya. Akaandika ardhini 142857, akazidisha, akapata 285714.

"Ni zile zile," alisema.

"Ni zile zile, zimezunguka tu. Jaribu mara tatu."

Akapata 428571. Alizitazama tarakimu zote sita, akazihesabu kwa ncha ya kijiti. Hakuna iliyokosekana, na hakuna ngeni iliyoingia.

"Wengine watabadilika," Gacheru alisema. "Mimi watanizungusha tu. Nitakuwa naanzia mahali pengine, basi. Usiogope ukiniona."

"Inazunguka mpaka mara ngapi?"

"Mpaka sita."

"Na saba?"

Dereva akawasha lori. "Wengi hawafiki saba," Gacheru alisema, akapanda na wenzake.

Kabla ya wiki kwisha, trekta lilibomoa nyumba za wafanyakazi wote waliochukuliwa, na Wangeci akashuka Nakuru kwa miguu na kwa lori la viazi. Alipata kipande, cheti cha ruhusa ya kukaa mjini, kwa barua ya familia moja ya kizungu ya watu wa reli, iliyotaka dobi, akapanga chumba cha uani kwa Bi Mastura, mjane wa mtaa wa Bondeni. Marehemu mume wa Bi Mastura alitoka Mombasa zamani pamoja na reli, akiwa mpishi wa mafundi, akafia Nakuru, na yeye hakuona sababu ya kurudi. Asubuhi alipika vitumbua. Alasiri aliketi barazani akichambua mchele na kuwaona wanaume wakirudi kutoka kizuizini.

Walikuwa wakirudi mmoja mmoja, kila mmoja vile namba yake ilivyotoka. Jirani yao Wamaitha alikuwa na mume aliyechukuliwa na namba 120415. Baada ya kambi ya pili aliachiliwa akiwa 240830. Katika tarakimu zake za zamani alikuwa amebakiwa na mbili, nne na sifuri, kwa hiyo alirudi na mambo matatu tu: mkono wa kushoto, kukoroma, na kutopenda kunde. Mengine yote yalikuwa ya mtu mwingine. Sauti ilikuwa nyembamba, na alizungumzia ng'ombe ambao hakuwahi kuwa nao. Wamaitha alimpokea, akampashia maji ya kuoga, akamwuliza jina lake.

"Ananisikiza vizuri kuliko yule wa kwanza," alimwambia Wangeci walipokuwa kwenye mfereji. "Lakini yule wa kwanza ndiye nilikuwa nimezoea."

Wangeci akainua ndoo yake kichwani. Alijiona mwenye bahati, na kulisema hilo mbele ya Wamaitha kungekuwa ukatili.

Wafungwa waliohamishwa kambi walipita Nakuru kwa gari la moshi. Mabehewa yao yalisimamishwa nyuma ya stesheni karibu saa nzima, injini ikinywa maji, na wanawake wa Bondeni walijua siku. Askari waliwaacha wazungumze kupitia mbao za behewa, kwa kuwa agizo halikusema lolote juu ya kuzungumza. Wangeci alimwona Gacheru hapo mara ya kwanza mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata. Shingoni alikuwa na kibati cha 285714. Kabla ya hapo Wangeci alikuwa amempelekea, kwa mkono wa askari mmoja, barua na chumvi kutoka kwa Bi Mastura.

"Haya, na wewe ukae salama," alisema Gacheru alipomwona. "Mwambie Bi Mastura nashukuru kwa ile chumvi."

Kisha akaeleza kambi ilivyokuwa, mawe waliyovunja na jinsi mvua ilivyoingia kwenye mahema. Kisha akauliza mikono ya Wangeci imefanywa nini, kwa maana sabuni ilikuwa imeipasua. Akamwuliza kama anakula. Mabehewa yalipoanza kusogea, uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyefika sasa hivi.

"Wangeci," alisema. "Hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu," Wangeci akajibu, akitembea haraka kando ya behewa mpaka changarawe zikaisha.

Njiani kurudi alipitia kila kitu moyoni. Mumewe alikuwa na kovu lake la kidevuni. Alikuwa na mazoea yake ya kushika sikio akifikiri. Alikumbuka chumvi, alikumbuka mikono ya mkewe ilivyokuwa kabla. Mwanzo wake tu ndio ulikuwa umehamishwa ukawekwa mwisho, na hata huo haukupotea. Siku ile Wangeci alipiga pasi mashati ya watu wa reli bila kuunguza hata moja.

Miaka miwili iliyofuata ilikwenda hivyo. Akiwa 428571 Gacheru alianzia siku yake adhuhuri, akawa anapiga miayo na kuaga kulala wakati wenzake wanapewa chakula. Akiwa 571428 alianzia uzeeni: aliposhuka kujinyoosha alikuwa ameinama na kushika kiuno, na injini ilipomaliza kunywa maji alikuwa kijana wa miaka ishirini anayemkonyeza. Wangeci alizoea. Alijua kwamba akisubiri vya kutosha, kila sehemu ya mumewe ingepita mbele yake.

Safari ya tano ndiyo iliyomtia wasiwasi. Walikuwa wamewahi kupata mtoto wa kike, aliyekufa kwa surua kule Molo akiwa na miezi minane, na tangu mazishi hawakuwa wamemtaja. Gacheru alifika akiwa 714285, na mlango wa behewa ulipofunguliwa alikuwa tayari analia. Alilia kwa sauti, mbele ya wenzake, jinsi ambavyo hakulia kule kaburini. Kisha akaanza kuzungumzia homa ya mtoto, namna ya kuipoza kwa kitambaa. Kisha machozi yakakauka akasema jino la kwanza limetoka, amelihisi kwa kidole. Kisha akasema mtoto amejua kucheka. Wangeci alisimama pale akimsikiliza binti yake akipungua umri. Injini ilipopiga honi, Gacheru alipitisha mkono katikati ya mbao, akauweka juu ya tumbo la mkewe.

"Imebaki miezi mingapi?" akauliza.

"Miwili," Wangeci akasema.

"Basi nitakuwa nimerudi."

Alasiri hiyo, akiwa amesimama kwenye meza ya kupigia pasi, Wangeci alichovya kidole kwenye bakuli la maji ya kunyunyizia nguo. Alikuwa ameikwepa hesabu hiyo kwa karibu miaka mitatu. Aliandika 142857 kwenye mbao ya meza, akazidisha mara saba. Saba mara saba, arobaini na tisa, tisa inabaki. Saba mara tano na nne, thelathini na tisa, tisa inabaki. Aliendelea mpaka mwisho. Maji yalipokauka aliandika tena, na likatoka jibu lile lile: 999999.

Jioni alimwonyesha Bi Mastura kwa kijiti cha mkaa. Bi Mastura hakusoma shule, lakini alizijua tarakimu kwa ajili ya vitumbua.

"Tisa tupu," alisema.

"Ndiyo."

"Na pa kuanzia ni wapi, mwanangu?"

"Hapana pa kuanzia," Wangeci akasema. "Ukiizungusha, ni ile ile."

Bi Mastura akaifuta kwa kanga yake, polepole. "Nenda kwa wakubwa," alisema. "Waambie wamwache hapo alipo."

Ofisi ya Namba ilikuwa jengo la mabati nyuma ya yadi ya magogo. Karani wake aliitwa Kipkemei, mtu mpole wa Sotik mwenye kalamu mbili mfukoni, na foleni yake ilikuwa ndefu kila siku. Wanawake waliomtangulia Wangeci waliomba waume zao waachiliwe. Kipkemei alikuwa na karatasi za ombi hilo na alizijaza bila kuinua kichwa.

"Jina la mfungwa."

"Micah Gacheru. Yuko kambi ya sita. Naomba aachwe huko."

Kipkemei akainua kichwa. "Aachwe kizuizini?"

"Asipelekwe ya saba. Hata kama ni miaka kumi, akae ya sita."

"Mama, kwa kawaida watu huja hapa kuomba kinyume."

Wangeci alimpa ile hesabu. Kipkemei aliifanya mwenyewe pembeni mwa karatasi, kwa uangalifu, akafika kwenye tisa ya sita, akaweka kalamu chini. Aliingia kwa mkubwa wake, mzungu kijana aliyekuwa na mashine ya kujumlisha. Wangeci alisikia mashine ikizunguka mara saba. Kipkemei alirudi na kipande chembamba cha karatasi.

"Mashine imekubali hesabu yako," alisema. "Anasema ni namba nadhifu sana. Anasema mtu wa namba hiyo hawezi kuwa na kosa lolote lililobaki."

"Hatakuwa na chochote kilichobaki."

Kipkemei alitazama mlango wa mkubwa wake, kisha foleni. "Hilo halina karatasi, mama," alisema. "Kama asingecheka siku ile, angetoka kambi ya pili. Lakini imeandikwa alicheka."

Mwezi wa nne, mwaka wa hamsini na nane, gari la moshi likaleta wa kwenda kambi ya saba. Wangeci alikuwa pale kabla ya alfajiri kupambazuka vizuri. Gacheru alikuwa 857142, na sasa majibu yake yalikuja kabla ya maswali.

"Tangu siku ile ya kwanza," alisema, Wangeci akiwa bado hajafungua mdomo.

Wangeci alishika mbao za behewa. Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa, na lilihitaji swali la kulisimamisha.

"Ulijua lini kuhusu saba?" akauliza.

"Ungelala vipi?" alisema Gacheru.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilifikiri watachoka kabla."

Hilo Wangeci hakuliulizia swali. Walitazamana. Kipande cha jua kilikuwa kimeanguka kwenye kibati chake, na nyuma yake watu wengine walikuwa wakizungumza na wake zao kwa sauti ambazo hazikuwa zao.

"Ndiyo," Gacheru alisema. "Sana."

Swali la jibu hilo Wangeci alilijua, akalimeza. Akabaki ameshika mbao mpaka behewa likazivuta kutoka mikononi mwake.

Gacheru aliachiliwa mwezi wa kumi na moja. Lori lilimshusha karibu na soko pamoja na wenzake wachache, akiwa na shati safi na cheti cha kuachiliwa. Wangeci alimtambua mara moja, kwa kuwa kila kitu chake kilikuwapo: macho, pua, kovu la kidevuni. Ila hakuna kilichotangulia kingine. Jicho lilipotua kwenye uso wake halikujua lianzie wapi, likateleza. Gacheru alianza kutembea, akampita mkewe, akaendelea. Wangeci alimfuata, akamshika bega, naye akasimama.

Nyumbani alimpa uji. Gacheru alikunywa, na kikombe kilipokwisha aliendelea kukiinua na kukishusha mpaka Wangeci akakichukua. Akimwambia akae, alikaa. Akimwambia ni Wangeci, alisema ndiyo.

"Tulikuwa na mtoto, Mwalimu."

"Ndiyo."

"Hatukuwa na mtoto."

"Ndiyo," alisema Gacheru, na ile ndiyo ilikuwa sawa kabisa na ile nyingine.

Chifu alikuja kumwona, akafurahi sana. Aliwaambia watu wa Bondeni kwamba huyo ndiye mfano, mtu aliyepita kambi zote saba akatoka bila doa. Kulikuwa na shule ya serikali karibu na nyumba za wafanyakazi wa reli iliyohitaji mwalimu mwenye faili safi, na hakuna faili iliyokuwa safi kama yake. Wakamweka darasani. Gacheru alishika chaki, akaandika tisa, kisha tisa nyingine, akaendelea mstari baada ya mstari mpaka ubao ukajaa, kisha akaendelea juu ya zile za kwanza. Watoto arobaini walinakili. Mkaguzi wa shule alikuja mwezi wa pili, akakaa nyuma nusu saa, akaandika kwamba nidhamu ilikuwa nzuri na darasa lilikuwa tulivu.

Kila mchana Wangeci alikwenda kumtoa chaki mkononi na kumwelekeza nyumbani. Siku moja alifika mapema, watoto wakiwa wametoka, akakaa kwenye dawati na kumtazama mumewe akiandika. Aliokota kipande cha chaki kilichokuwa sakafuni. Hakujua kwa nini hakuwahi kuendelea mbele ya saba. Labda kwa sababu Gacheru aliishia hapo. Akaandika kwenye dawati 142857, akazidisha mara nane.

Ikatoka 1142856. Tarakimu zilikuwa saba, na Wangeci aliona ni upuuzi, akaifuta. Lakini siku tatu alitembea nayo kichwani, akifua, akianika, akikunja. Siku ya nne, akiwa amebana shuka kwenye kamba, akaona. Ile moja ya mbele ilikuwa imezidi. Ile sita ya nyuma ilikuwa imepungukiwa na moja. Ukiitoa moja pale mbele ukaiongeza nyuma, unapata 142857.

Aliacha nguo za watu wa reli kwenye kamba na kwenda Ofisi ya Namba akiwa na mikono mibichi.

"Nataka apelekwe kambi ya nane," alimwambia Kipkemei.

Kipkemei alimkumbuka. Alivuta karatasi akafanya hesabu, na Wangeci alimwonyesha kwa kidole ile moja na mahali pa kuirudisha. Kipkemei aliiandika namba iliyopatikana, akaipigia mstari chini, akakaa akiitazama. Mtu aliyekuwa nyuma ya Wangeci kwenye foleni alikohoa.

"Ni kweli," Kipkemei alisema mwishowe. "Angerudi kama alivyokuwa."

"Kama alivyokuwa asubuhi ile, akitabasamu."

"Lakini kambi ni saba, mama."

"Jengeni nyingine. Mmejenga hizo zote."

"Si mimi ninayejenga." Alipunguza sauti. "Na hata ikijengwa, mtu hazuiliwi hivi hivi. Lazima awe na kosa. Nitaandika kosa gani? Unaweza kuniletea kosa?"

"Nitaleta," Wangeci akasema.

Jumatatu iliyofuata alimtoa Gacheru nyumbani bila cheti wala kipande, akampeleka mpaka karibu na kizuizi cha askari kwenye barabara ya Njoro. Kwa mtu wa kabila lao kutembea bila karatasi lilikuwa kosa kubwa, na Wangeci aliwajua watu waliolala ndani kwa ajili hiyo. Alimgeuza Gacheru aelekee kwenye kizuizi, akamsukuma kidogo mgongoni. Gacheru akatembea.

Askari alimsimamisha. "Kipande?"

"Ndiyo," alisema Gacheru.

Askari alimtazama usoni. Akamzunguka, akamtazama kwa nyuma, akarudi mbele. Alikuwa askari mwenye uzoefu, aliyejua kumshuku mtu kuanzia viatu au kuanzia macho, lakini kwa huyu hakupata pa kuanzia. Akainua mti wa kizuizi. Gacheru alipita na kuendelea kutembea, na Wangeci, aliyekuwa na kipande chake, alicheleweshwa pale kwa maswali. Alimfikia jua likiwa utosini, mbali kabisa, viatu vyake vikiwa vimefunguka kamba zote mbili.

Alijaribu mara nyingine. Alimtuma ang'oe kabichi kwenye bustani ya mtu, na mwenye bustani akamkuta, akamshukuru kwa kumsaidia kuvuna. Alimfundisha neno baya la kumwambia chifu, na chifu akasikia ndiyo. Bi Mastura alimwangalia Wangeci akihangaika hivyo wiki baada ya wiki, hakumkataza. Siku moja tu, akichambua mchele, alisema, "Mwanangu, hata dhambi inataka mtu wa kuianza." Wangeci akaingia chumbani, akajifungia, na mashati ya watu wa reli yalichelewa siku mbili.

Hata hivyo aliendelea kwenda ofisini. Kila mwisho wa mwezi alisimama kwenye foleni, na Kipkemei alimwambia kwamba kambi bado ni saba. Alipogeuka kuondoka Kipkemei alikuwa akisema, "Mwezi ujao, labda." Huenda alisema hivyo kwa huruma tu. Wangeci aliishika ile labda, akaenda nayo kazini.

Mwishoni mwa mwaka wa hamsini na tisa watu waliitwa uwanjani. Wote walikuja, kwa kuwa habari ilikuwa imetangulia: wanawake waliovaa vitambaa vyeupe kichwani, wazee, watoto wa shule waliopangwa kwa mistari. Bi Mastura alibeba kigoda chake. Wamaitha alikuja na mumewe, ambaye sasa alikuwa amepata ng'ombe wawili wa kweli. Wangeci alimshika Gacheru mkono katika msongamano ili asiendelee kutembea.

Kipkemei alipanda juu ya lori akiwa na karatasi. Alisoma kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwamba hali ya hatari ilikuwa inakwisha. Kambi zote zilizokuwapo zingefungwa, na hakuna nyingine itakayojengwa. Alipofika hapo aliinua macho, akamwona Wangeci katikati ya watu, akarudisha macho haraka kwenye karatasi na kusoma tarehe.

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Watu walikumbatiana, kofia zikarushwa juu, na mtu asiyemjua alimshika Wangeci mabega akamwambia yamekwisha, dada, yamekwisha. Wamaitha alikuwa analia kwa furaha. Alikuwa na haki ya kulia, na kila aliyekuwa pale alikuwa na haki hiyo. Wangeci aliangalia nyuso zile zote na hakumwona hata mmoja aliyekuwa amekuja akitumaini kambi moja zaidi. Akaanza kupiga makofi, kwa sababu wote walikuwa wakipiga.

Gacheru akapiga makofi pia.

Baada ya muda watu walichoka. Lori liliondoka, watoto wa shule wakatawanyika, Bi Mastura akachukua kigoda chake akasema ametangulia. Vumbi lilitua. Gacheru alikuwa bado anapiga makofi, si kwa nguvu wala kwa ulegevu, na waliokuwa wakipita walimtabasamia kwa kuwa waliona amefurahi. Viganja vyake vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu. Wangeci alisimama mbele yake, akaikamata mikono yake yote miwili, akaibana katikati ya yake.

"Yamekwisha, Mwalimu," alisema.

"Ndiyo," alisema Gacheru.

Mikono yake iliendelea kugongana taratibu ndani ya mikono ya Wangeci, kila pigo likiwa sawa na lililotangulia, na Wangeci akawa ameishikilia tu.